Jina la The Drifters ni la nani? Somo la miaka 70 juu ya muziki, kontra na makuta

Labda umekwisha kusikia wimbo "Stand by Me" bila kujua nani anauimba. Unapigwa kwenye arusi, unapigwa kwenye redio saa za usiku, na vijana wanaurudilia na gitaa. Mwenye kuuimba, Ben E. King, alitoka katika kundi moja la Marekani linaloitwa The Drifters. Kundi hilo lilizaliwa mwaka 1953, na mupaka leo jina lake lingali kwenye afishi za konseri.

Lakini kuna neno moja la kushangaza. Kwa miaka mingi kule Marekani, mutu aliweza kununua tikiti ya kuona The Drifters katika muji mumoja, na usiku uleule watu wengine, katika muji mwingine, wakawa wanaangalia The Drifters wengine. Na pengine jukwaani hakukuwa hata mumoja ambaye sauti yake iko katika disiki za zamani. Huo ni uongo? Ni biashara tu? Ao ni haki ya mwenye jina? Tribinali za Marekani zilihangaika na ulizo hilo kwa muda murefu. Linawagusa pia vijana wetu wanaoanzisha kundi kule Goma, Bukavu, Uvira, Bunia ao Kalemie. Ndiyo sababu leo tunalifungua.

Mutoto wa kwaya

Tuanze na mutu. Clyde McPhatter alizaliwa mwaka 1932 kule Durham, jimbo la North Carolina. Baba yake alikuwa muhubiri, na kijana alikomalia katika kwaya ya kanisa. Sauti yake ilikuwa ya juu sana, ya kulia. Kisha familia ikahamia kaskazini, na mwaka 1950 akaingia katika kundi la Billy Ward and His Dominoes.

Ule muziki ndio ulikuwa unaanza kuitwa rhythm and blues. Mbele ya 1949, gazeti la Billboard lilikuwa linaweka disiki za Weusi kwenye orodha iliyoitwa kwa jina la "rangi". Mwaka ule gazeti likabadilisha jina. Muziki wenyewe ulikuwa ni wa kanisani na wa baa vikikutana: waimbaji wane ao watano, mumoja mbele, wengine wanamuitikia, na besi nzito chini.

Kwa Dominoes, mukubwa alikuwa Billy Ward. Kundi lilikuwa lake, jina lilikuwa lake, waimbaji walikuwa watu wa mushahara, na mwenye kukosa alipigwa amande. McPhatter ndiye sauti ambayo watu walikuja kusikia, lakini Ward alikuwa anamutangaza jukwaani kama "Clyde Ward", ginsi watu wadhani ni ndugu yake. Hata jina lake mwenyewe, kijana alikuwa amenyanganywa.

Mwaka 1953 McPhatter akatoka. Ahmet Ertegun, mutoto wa balozi wa Uturuki aliyekuwa ameanzisha kampuni ya disiki Atlantic mwaka 1947 pamoja na Herb Abramson, alienda kusikiliza Dominoes na akakuta ile sauti haiko tena. Hakungojea mwisho: alimutafuta kijana, akamupata, wakatia sinyatire. McPhatter akakusanya waimbaji waliokuwa wamepita katika makundi mengi ya gospel, na ndiyo sababu kundi likaitwa The Drifters, ni kusema watu wanaozunguka-zunguka.

Wimbo wao "Money Honey", uliotungwa na Jesse Stone, ulitoka mwaka uleule na ukakaa majuma 11 pa nafasi ya kwanza kwenye orodha ya rhythm and blues. Mwaka uliofuata wakaimba "White Christmas" kwa ginsi yao, na besi ya Bill Pinkney mbele na sauti ya McPhatter juu. Ile disiki ingali inapigwa kila mwezi wa 12, zaidi sana tangu iliposikiwa katika filme "Home Alone" ya mwaka 1990.

Sehemu iliyouzwa

Hapa ndipo mambo yanageuka. Mwaka 1954 jeshi la Marekani likamwita McPhatter. Alipotoka, hakutaka tena kuimba na kundi. Alitaka kuwa peke yake. Alikuwa na sehemu yake katika The Drifters, basi akaiuza kwa manaja wa kundi, George Treadwell. Treadwell alikuwa mupiga tarumbeta wa zamani, na alikuwa bwana na manaja wa mwimbaji Sarah Vaughan.

Fikiria vizuri ile sinyatire. McPhatter alikuwa amekimbia kundi ambamo patroni mumoja alikuwa na jina na wengine wote walikuwa wafanyakazi. Kisha, kwa kuuza sehemu yake, akawaacha wenzake katika hali ileile aliyoikimbia. Kuanzia pale, mwimbaji wa The Drifters alikuwa mutu wa mushahara wa juma. Wimbo ukipendwa inchi nzima, mushahara ni ule. Konseri ikijaa watu, mushahara ni ule. Na ukiondoka, jina linabaki nyumbani kwa patroni.

McPhatter mwenyewe alipata tena wimbo mukubwa, "A Lover's Question", mwaka 1958. Lakini kisha kazi yake ilishuka, pombe ikamukamata, na alikufa mwaka 1972 akiwa na miaka 39. Mwaka 1987 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, na mwaka 1988 The Drifters wakaingizwa pia, ni kusema aliheshimiwa mara mbili. Heshima ikafika yeye akiwa kaburini.

Kundi zima linafukuzwa, jina linabaki

Mwaka 1958 kulitokea jambo ambalo linaonyesha wazi nguvu ya mwenye jina. Waimbaji walikuwa wamechoka na mushahara muchache, na kulikuwa na mangaliko na pombe. Kisha matata fulani kwenye Apollo Theater, kule Harlem, Treadwell akawafukuza wote. Si mumoja, si wawili. Wote.

Lakini alikuwa na kontra za konseri ambazo zilikuwa zinangojea The Drifters. Akafanya nini? Alichukua kundi lingine la vijana, The Five Crowns, akawapatia jina. Mbele ya kulala wao ni Five Crowns, kisha kulala wao ni Drifters. Mumoja kati yao alikuwa kijana Benjamin Nelson, ambaye kisha akajulikana kama Ben E. King.

Mutu angeweza kusema: hao si Drifters wa kweli. Lakini mwaka 1959 wakatoa "There Goes My Baby", na Jerry Leiber na Mike Stoller ndio waliosimamia kazi ile. Wakatia vinanda vya nyuzi, viyoloni, katika wimbo wa rhythm and blues. Hata mukubwa mumoja wa Atlantic hakuupenda. Lakini watu waliupenda: ukafika nafasi ya pili kwenye orodha ya nyimbo zote za Marekani, si ya Weusi peke yake. Kisha, mwaka 1960, "Save the Last Dance for Me" ukafika nafasi ya kwanza. Doc Pomus, mumoja kati ya watunzi wa wimbo huo, alikuwa ameugua polio tangu utoto na alitembea na magongo. Neno la wimbo lilimujia akikumbuka siku ya arusi yake, alipoangalia muke wake anacheza na wengine.

Basi tuseme kweli: Treadwell hakuwa mwizi tu wa kukaa na kukula. Yeye ndiye alishikilia jina, alitafuta waimbaji, alitafuta konseri. Bila yeye labda The Drifters wangekufa mwaka 1955, na zile nyimbo za 1959 mupaka 1964 hazingetoka kwa jina lile. Watu wa upande wake wamesema hivyo siku zote, na neno lao lina uzito. Ulizo ni hili: je, ile kazi ya kushikilia jina inastahili kukula sahani nzima?

Mutunzi na mwimbaji: tofauti kubwa

Ben E. King aliomba nyongeza ya mushahara. Hakuipata. Mwaka 1960 akaondoka. Mwaka 1961 akaimba "Stand by Me" kwa jina lake mwenyewe. Na hapa kuna jambo ambalo kila kijana mwenye kushika mikro anapaswa kulijua: jina la King liko kati ya watunzi wa ule wimbo, pamoja na Leiber na Stoller.

Kwa nini ni jambo kubwa? Kwa sababu katika wimbo mumoja muna mali mbili. Ya kwanza ni utungo, ni kusema maneno na sauti zilizopangwa. Hiyo ni ya mutunzi. Ya pili ni sauti iliyorekodiwa siku ile kwenye studio. Hiyo, mara nyingi, ni ya kampuni iliyolipa studio. Wimbo unapopigwa tena, unapoimbwa na mutu mwingine, unapowekwa katika filme, mutunzi anapata sehemu yake. Mwaka 1986 filme yenye jina la wimbo ilitoka, na "Stand by Me" ukarudi tena kwenye orodha za Marekani. Mwaka uliofuata ukashika nafasi ya kwanza kule Uingereza. Miaka 25 ilikuwa imepita, lakini mutunzi alikuwa angali anavuna. King alikufa mwaka 2015.

Sasa muweke kando yake Rudy Lewis. Ndiye aliyeshika nafasi ya King katika The Drifters. Sauti unayosikia katika "Up on the Roof" ya 1962 na "On Broadway" ya 1963 ni yake. Lakini hakuwa mutunzi. "Up on the Roof" ni ya Gerry Goffin na Carole King. Katika mwezi wa 5 mwaka 1964, usiku mumoja tu mbele ya kundi kurekodi "Under the Boardwalk", Lewis akakutwa amekufa. Alikuwa na miaka 27. Studio ilikuwa imekwisha kukamatwa, basi Johnny Moore akaimba kwa nafasi yake. Wimbo ukatoka, ukapendwa sana. Watu wengi wanaujua wimbo. Jina la Rudy Lewis, wanalijua wachache.

Na hata mwimbaji mwenye kontra ya asilimia kwenye disiki hakuwa salama. Ginsi ilivyokuwa katika miaka ya 1950: kampuni inalipa studio, inalipa wapiga vyombo, kisha inaandika yote hayo kama deni la mwimbaji. Asilimia yake inaenda kwanza kulipa lile deni. Disiki zinauzwa, lakini kwenye karatasi ya hesabu mwimbaji angali na deni. Ruth Brown, musichana ambaye disiki zake ndizo zilisimamisha Atlantic katika miaka ile, alifika kufanya kazi za nyumbani mwa watu na kuendesha basi la watoto wa shule. Alipigana miaka mingi na avoka wake, Howell Begle, mupaka mwaka 1988 Atlantic ikakubali kufuta madeni ya zamani ya wasanii makumi na kuhesabu upya. Mapigano hayo ndiyo yalizaa Rhythm and Blues Foundation, shirika la kusaidia wanamuziki wazee wa ule muziki.

Mbele ya tribinali

George Treadwell alikufa mwaka 1967. Muke wake, Faye Treadwell, akashika kazi. Katika miaka ya 1970 alihamisha kundi Uingereza, na kule Johnny Moore na wenzake wakapata tena nyimbo zilizopendwa sana. Lakini Marekani nafasi ilikuwa imebaki wazi. Waimbaji wa zamani wakaanzisha makundi yao: Bill Pinkney alikuwa na The Original Drifters, wengine wakafuata. Na mutengenezaji mumoja wa konseri, Larry Marshak, akaandikisha jina The Drifters kwa serikali ya Marekani kama mali yake na ya waimbaji fulani.

Kesi ilikuwa ndefu. Mwaka 2001 tribinali ya rufaa ikakubali kama Marshak alikuwa ameandikisha jina kwa udanganyifu, na haki ikabaki kwa upande wa Treadwell. Marshak alikuwa amesema: huyu mama alihama, aliacha jina, basi lilikuwa la mwenye kuliokota. Tribinali ikajibu: hapana, jina halikuachwa, kwa sababu disiki za zamani zilikuwa zingali zinauzwa na kupigwa kwenye redio, na makuta yake yalikuwa yangali yanaingia.

Tulia kidogo pale. Ni nini kilichoweka jina hai? Ni sauti za McPhatter, za King, za Lewis, za Moore. Sauti za watu wa mushahara ndizo zililinda mali ya patroni mbele ya muamuzi. Kwa sheria, ni sawa. Kwa moyo, mutu anaweza kubaki na ulizo.

Kuanzia miaka ya 2000, majimbo mengi ya Marekani, zaidi ya 30, yametia sheria juu ya jambo hili. Kundi likitumia jina la zamani, linapaswa kuwa na mutu aliyekuwa katika kundi lililorekodi, ao kuwa na haki ya jina iliyoandikishwa, ao kuandika wazi kwenye afishi kama ni kundi la kuiga na kuheshimu. Ile sheria inalinda mununuzi wa tikiti. Lakini ona lile neno la katikati: mwenye haki ya jina anaweza kuendelea hata kama hakuna hata mwimbaji mumoja wa zamani. Sheria imefunga mulango kwa wadanganyifu, haikuufungua kwa waimbaji.

Redio inalipa nani?

Hapa neno linatugusa sisi wenyewe, watu wa redio. Kule Marekani, redio ya kawaida, ile ya mawimbi, inapopiga "Under the Boardwalk", inalipa watunzi. Mwimbaji hapati hata kidogo. Ni vile tangu zamani, na mupaka leo Marekani ni moja ya inchi chache kubwa zinazofanya vile. Wenye maredio wanasema: tukipiga wimbo wako, tunakutangazia bure, utauza disiki na tikiti. Waimbaji wanajibu: ninyi mnauza matangazo kwa sababu ya sauti zetu.

Redio za intaneti zinalipa waimbaji, kufuatana na sheria ya mwaka 1995. Lakini nyimbo zilizorekodiwa mbele ya tarehe 15 mwezi wa 2, 1972, hazikuwa zinalindwa na sheria ya inchi nzima. Ni kusema nyimbo kubwa za The Drifters za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa inje. Ilifaa kungojea sheria mupya ya mwaka 2018, Music Modernization Act, ili wazee wa miaka ya 1950 na 1960 walipwe kwenye intaneti kama wengine. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Tangu 2021 kuna pia muswada wa kuomba redio za mawimbi zilipe waimbaji. Umerudishwa bungeni zaidi ya mara moja, na chama cha wenye maredio kinaupinga. Kitu kimoja katika ule muswada kinastahili kuangaliwa: redio ndogo zingelipa dola 500 ao chini kwa mwaka muzima, si kwa kila wimbo. Ni kusema kuna njia ya kuheshimu mwimbaji bila kuua redio ya kartiye. Sisi hatuwezi kujifanya kama neno hili ni la wengine tu.

Na sisi huku?

Sisi Wakongomani tunajua vita vya jina. Mwaka 1997 Wenge Musica ilipasuka, na kila upande ukaondoka na kipande cha jina: Wenge BCBG ya JB Mpiana upande mumoja, Wenge Maison Mère ya Werrason upande mwingine. Mwaka 2022 wakakutana tena jukwaani Kinshasa. Wale walikuwa na bahati: majina yao wenyewe yalikuwa makubwa, watu wakawafuata. Kijana wa Bukavu ao Bunia ambaye jina lake halijulikani, kundi likivunjika atabaki na nini?

Sheria tunayo. Ile ya tarehe 5 mwezi wa 4, 1986, inalinda haki za mutunzi na pia haki za waimbaji na wapiga vyombo. SOCODA ndiyo shirika lenye kazi ya kukusanya makuta yao. Lakini sheria haiandiki kontra kwa nafasi yako. The Drifters walikuwa katika inchi yenye tribinali na avoka wengi, na bado waliumia, kwa sababu mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika siku ya sinyatire.

Basi, kama muko wane ao watano na munafanya repetisyo kwenye chumba cha mutu, mujiulize maulizo matatu mbele ya wimbo wa kwanza kupendwa, si kisha. Jina la kundi ni la nani, na mumoja akitoka itakuwa namna gani? Nani ametunga wimbo, na jina lake limeandikwa wapi? Mwenye kulipa studio, anapata nini, na kwa muda gani? Muandike majibu kwenye karatasi, kila mutu atie sinyatire na achunge kopi yake.

Siku ya kuandika ile karatasi muko marafiki, na inaonekana kama kukosa imani. McPhatter pia alikuwa na marafiki. Alipouza sehemu yake, labda aliona ni karatasi tu. Ilikuwa ni maisha ya wenzake wote, na ya wale waliokuja nyuma yao.